Hati Yenye Mhuri na Kadi ya Feni Tatu

Kama wiki iliyopita ulikosa gazeti, nakuonea wivu. Walionisoma wanajua nilipoishia: filamu ya harusi ya watu wa Bagira niliikabidhi siku mtoto wao wa kwanza alipoanza kutambaa, na bwana harusi alinishukuru kwa sauti iliyosikika hapa Bukavu mtaa wa Nyalukemba mzima. Jina langu Rashidi. Nakata na kuunga filamu za harusi. Mashine yangu, yaani kompyuta, ilikuwa ikiitafuna filamu moja kwa masaa kumi na tisa, na umeme ukikatika katikati, inaanza upya kutoka bismillahi.

Wiki hii nakiri kosa jingine. Hili sikufanyiwa na mashine wala na umeme. Nililifanya mwenyewe kwa mkono wangu wa kulia, kisha nikaligonga mhuri.

Lilianza kwa Nafisa, msichana ninayetaka kumwoa. Nafisa ni sekretere katika shirika moja la maji hapa mjini. Baba yake, Mzee Assani, ni mfanyabiashara mwenye asili ya Uvira. Kila baada ya miezi mitatu huenda Dubai na kurudi na mizigo ya nusu ya mtaa. Kwa Mzee Assani mtu ni neno lake, na kazi yangu si kazi.

"Kukata na kubandika," alisema siku tante Salima, shangazi yangu ninayekaa kwake, alipompelekea habari ya posa. "Hata batoto ba maternelle, ba chekechea, banakataka na kubandika."

Hata hivyo hakukataa. Aliniita, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Rashidi, miye siangaliake mutu mali. Naangaliaka neno. Mutu akiniambia kitu iko hivi, nikienda niikute iko hivi. Unaweza?"

"Naweza, Papa."

"Basi uniambie kitu moja. Tutaona."

Mtu mwenye akili angeomba siku mbili za kufikiri. Mimi nilijibu palepale.

"Papa, Dubai uniletee carte graphique."

"Hiyo iko kitu gani?"

"Ni kadi inakaaka ndani ya machine, njo inachoraka picha. Yangu imezeeka."

"Na mupya itafanya nini?"

Ningesema itachora picha, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka aone kwamba mbele yake amekaa fundi, na mdomo huponza kichwa. Nikamweleza kwamba kuna programu ya kuikaza kadi, ya kuilazimisha iende mbio kupita mwendo iliopewa kiwandani. Nikatumia mikono. Nikaiga hata mlio.

"Kadi itakaa mu machine yangu," nikasema. "Programu itaikubali. Na filamu ya masaa kumi na tisa itatoka kwa masaa sita."

Mzee Assani akakunja vidole polepole. "Itakaa. Itakubaliwa. Masaa sita. Ni maneno tatu. Nikirudi tutayaona yote hapa hapa mu salon, mbele ya batu. Yakikuwa vile umesema, shangazi yako arudi na habari yake."

"Na yasipokuwa, Papa?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachwea upande gani. "Uniletee na karatasi," akasema. "Miye sinunuake kitu bila karatasi."

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka jambo ambalo fundi hulikumbuka kabla ya kufungua mdomo. Programu ya kukaza haikubali kila kadi, wala haikubali kila mashine. Unapima kwanza, ndipo unanunua. Wenye programu wenyewe wameweka kipimo kwenye mtandao. Unaandika jina la kadi unayoitaka, kipimo kinaichungulia mashine uliyokaa mbele yake, kisha kinakwambia ndiyo au hapana.

Mashine yangu ilikuwa imezima. Umeme ulikuwa umeondoka tangu Jumanne, na hii ilikuwa Alhamisi, karibu saa tano asubuhi. Mzee alikuwa anasafiri kesho yake.

Nikampigia Nafisa. Ofisini kwao kuna paneli za jua, na mtandao unakimbia.

"Nafisa, unipimie kadi moja ku internet, jina yake nakutumia."

"Machine yangu iko nzito, Rashidi. Nikifungua barua moja, namaliza chai mbele ifunguke."

"Hakuna ingine?"

Akanyamaza, kisha akashusha sauti. "Iko ya chef, mukubwa wetu. Papa Honoré ameenda mission ya kazi kule Fizi. Alikatazaka batu bote basiguse machine yake. Lakini ufunguo wa biro, ofisi yake, iko kwangu."

"Dakika mbili tu."

"Chef akijua, atanifukuza."

"Atajulia wapi?"

"Dakika mbili," akasema. "Kwa sababu ni weye."

Baada ya dakika kumi alinipigia, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. "Rashidi, imetoa alama ya kijani! Imekubali yote!"

"Fanya impression, uitoe ku karatasi," nikamwambia.

Hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Mstari wa kwanza wa kile kipimo unasema wazi kwamba kinapima mashine iliyo mbele yako. Niliusoma kwenye simu, nikauruka. Nikajiambia mashine ni mashine, zote zina ekrani ya kutazamia na zote hukwama. Nikawa nimepima kanzu yangu kwenye mgongo wa mtu mwingine.

Ningeweza kumwambia Mzee: Papa, umeme hakuna, sijapima, tungoje safari nyingine. Ni maneno machache, na hayana dhambi. Badala yake nikachukua ile karatasi ya Nafisa, na juu ya alama ya kijani nikaandika kwa Kifaransa kile cha serikali tunachokikimbilia sote tukitaka kuaminiwa. ATTESTATION, yaani hati ya uthibitisho, nikaandika, kwa herufi kubwa. Kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini, Directeur wa Studio, nathibitisha kuwa nimeipima mashine yangu mwenyewe na nimeona kadi inakubaliwa. Nikaweka tarehe. Nikaweka saini yenye mkia mrefu. Nikagonga mhuri.

Studio ni mimi, kiti na mashine. Lakini mhuri ninao, kwa sababu mjini hapa karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga.

Tante Salima akachungulia begani kwangu. "Directeur ni nani?"

"Ni miye, tante."

"Na mwenye amepima?"

"Ni... ni kama miye."

"Njia ya mwongo ni fupi, mutoto yangu," akasema, akaenda uani kugeuza juani sambaza zake, dagaa wa ziwani.

Mzee Assani aliisoma hati mara mbili. Akapitisha kidole gumba juu ya mhuri aone kama wino unatoka. Ulitoka kidogo, naye akaridhika kabisa.

"Hii njo karatasi," akasema. Kabla ya magharibi alikuwa ameshaituma ikapigwe plastiki.

Wiki tatu zilipita. Sikulala vibaya hata siku moja, na hilo nalo nalikiri.

Sasa, nyumbani kwa Mzee Assani mizigo ya Dubai ina desturi yake. Hakuna anayechukua pakiti yake ikiwa imefungwa. Inafunguliwa sebuleni, mbele ya wote walioagiza, na kama ni kitu cha kuwaka kinawashwa hapo hapo, ili kesho mtu asiseme alibadilishiwa njiani. Nimewahi kuona bwana mzima akivua shati ili pasi yake mpya ijaribiwe.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya alasiri, nikabeba mashine yangu na ekrani yake hadi kwa Mzee, tante Salima akinifuata na nyaya. Umeme ulikuwepo. Nikaona ni dalili njema, maskini mimi.

Sebule ilikuwa imejaa. Kando ya Mzee, kwenye kiti cha wageni wa heshima, alikaa bwana mwenye koti na miwani.

"Monsieur Honoré," Mzee akanitambulisha. "Chef wa Nafisa. Nimemuletea wino ya imprimante, machine ya kuchapa ya biro."

Nikampa mkono. Nilishukuru Mungu kwamba mkono hausemi.

Nafisa akapita na sinia ya vikombe bila kuniangalia. Hiyo ni heshima ya nyumba ile. Mbele ya baba yake Nafisa haniangalii wala hanitaji. Tangu tujuane hajawahi kusema juu yangu mbele yake hata neno moja, liwe zuri liwe baya.

Wino ukafunguliwa. Cherehani ya jirani ikafunguliwa, ikashona pindo la pazia la Mzee mwenyewe. Kisha Mzee akapiga makofi mara moja.

"Sasa ya Directeur!"

Akatoa hati yangu mfuko wa kifuani, inang'aa ndani ya plastiki yake, akaiinua juu watu waione. "Kule Dubai Muhindi alitaka kunipatia kadi ingine, anasema iko bei ndogo. Nikamutolea hii. Akaangalia cachet, huu muhuri, akanyamaza! Ananiuliza, huyu Directeur iko muzee wa miaka ngapi? Nikamuambia, iko mutoto, lakini akisema kitu, iko vile amesema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Bukavu huporomoka kila mvua ikinyesha, ila siku unayoihitaji haitikisiki.

Kadi ikatolewa. Ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mpaka kwenye kiwiko, na ina feni tatu mgongoni.

"Feni tatu?" tante Salima akauliza. "Zinapepeaka nani?"

"Zinajipepeaka zenyewe, tante. Iko na joto."

"Kitu ya kujipepea yenyewe," akasema. "Kama muke ya mukubwa."

Nikafungua mashine. Kadi haikuingia. Nikatoa kifuniko, nikatoa na kichanja kimoja cha ndani, nikaisukuma nikimwomba Mola kimoyomoyo. Ikashika. Sehemu ya nyuma ilibaki nje.

"Imekaa?" Mzee akauliza.

"Imekaa, Papa."

"Mukia iko inje."

"Njo vile inapumuaka."

Mzee akamtazama Honoré. Honoré akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu asiyejua. Mzee akakunja kidole cha kwanza, lakini hakukikunja chote.

Nikawasha. Feni zote tatu zikazunguka, na ekrani ikawaka na picha ya bwana na bibi harusi wa Bagira, safi kabisa, hata jasho la bwana harusi lilionekana. Sebule ikashangilia. Tante Salima akapiga vigelegele vya mama mkwe kabla ya wakati wake. Nafisa alikuwa mlangoni mwa jikoni na birika la chai mkononi. Nikaona meno yake kidogo, kisha akayaficha.

"Neno ya pili," Mzee akasema. "Programu."

Nilikuwa nayo kwenye flashi. Nikaifungua. Ikazunguka, ikafikiri, kisha likatokea sanduku jekundu katikati ya paji la uso la bibi harusi.

Nikalisoma. Nikalisoma tena.

"Inasema nini?" Mzee akauliza.

"Inasema... ngoja kidogo."

"Machine inasema ngoja kidogo?"

Honoré akaisukuma miwani yake juu, akainama kwenye ekrani kwa nia njema kabisa. "Hapana, Muzee. Inasema machine hii haikubaliwi. Système yake iko ya zamani sana."

Mimi palepale nikaiona ile Alhamisi, nikauona na ule mstari nilioruka. Kipimo hakikusema uongo. Kilipima mashine ya ofisini, na mashine ya ofisini ilistahili alama yake ya kijani. Yangu haikuwahi kuulizwa.

Nikangoja radi. Mzee Assani akasimama, uso umemwiva.

"Yule Muhindi!" akasema. "Amenichezea!"

Nikainua kichwa.

"Mutoto alipima! Karatasi iko hapa, na cachet, na saini! Miye nikaenda na karatasi mukononi, naye akanipatia kadi ya uongo! Directeur, usiogope. Shida haiko yako."

Ndugu zangu, mlango ulifunguliwa mbele yangu, mpana wa kupita na ng'ombe. Ilitosha ninyamaze tu. Na nilinyamaza. Nilifika hadi kutikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyedhulumiwa. Niliona aibu, lakini niliona na Nafisa, na nilimtaka Nafisa kuliko nilivyotaka kuwa mkweli.

Mzee tayari alikuwa na simu sikioni, kisha akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Dubai ikaitika: "Hello? Hello?"

"Monsieur Honoré," Mzee akasema, akimpa hati kwa mikono miwili. "Weye ni mutu wa masomo. Umusomee huyu mwizi kila kitu iko juu ya hii karatasi, kwa Kiingereza, kutoka juu mupaka chini. Usiruke hata kitu moja."

Honoré akakohoa. Akaanza na kichwa cha hati. Akasoma jina langu, cheo changu, na yale niliyoyathibitisha. Alisoma vizuri, pole pole, nami kwa upumbavu nikasikia fahari. Akasoma tarehe. Akasoma alama ya kijani. Akafika chini kabisa, kwenye herufi ndogo za kijivu ambazo mimi nilizidhani ni namba ya ukurasa.

"Mashine iliyopimwa," akasoma. Akakoma.

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa tena.

"Hello?" Dubai ikasema.

"Muzee," Honoré akasema, safari hii kwa Kiswahili na kwa sauti ya ofisini. "Hapa imeandika jina ya machine yangu. Ile iko mu biro yangu."

"Vipi yako?"

"Yangu. Na tarehe hii miye nilikuwa Fizi. Biro ilikuwa imefungwa. Ufunguo..."

Hakumaliza. Kichwa chake kikageuka pole pole kuelekea mlango wa jikoni. Sebule nzima ikageuka pamoja naye. Nafisa alikuwa amesimama palepale, birika limeinama, chai inamwagika kwenye mkeka bila yeye kujua.

Mwaka mzima Nafisa alihangaika kuipata kazi ile. Nilijua. Nilikuwa nimemsindikiza kwenye mtihani wake, nikamngojea nje juani.

Nikasimama. "Ni miye," nikasema. "Niliingia mu biro peke yangu."

"Uliingia wapi?" Honoré akauliza.

"Ku dirisha."

"Biro iko juu, étage ya tatu, ghorofani."

"Nilipanda."

"Dirisha iko na chuma."

"Nilipenya."

Macho ya watu wote yakashuka tumboni mwangu. Tante Salima akajifunika uso na kitenge. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mzee Assani hakucheka. Akaizima Dubai kwa kidole kimoja. Akachukua hati yangu, akaiweka juu ya meza katikati yetu, mhuri ukiangalia juu. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na nilitamani irudi, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Rashidi," akasema. "Ya kadi tuache. Ya karatasi tuache. Maneno yote tatu nimeyasahau. Nakuuliza moja tu, na hii njo nitachukua kuwa neno yako. Ni weye uliingia mu biro ya huyu muzee?"

Nikamwangalia. Nikisema hapana, Nafisa hana kazi. Nikisema ndiyo, mimi ni mwizi wa dirishani, na mwizi haozeshwi binti wa mtu. Lakini mwizi anaweza kusamehewa siku moja. Nikachagua.

"Ni miye, Papa," nikasema, nikainua mkono wa kulia kuapa.

Birika likatua mezani, kando ya hati.

"Papa," Nafisa akasema, "anadanganya."

Lilikuwa neno la kwanza Nafisa kusema juu yangu mbele ya baba yake.